Mwalimu na Somo Liogopwalo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na wazazi katika sikukuu ya Jubilei)

Nimepewa nafasi niseme machache, nami nimechagua habari ya somo la hesabu na masomo yaliyo jamaa zake, ambayo watoto wetu huyaogopa kama mtu aogopavyo kupita makaburini usiku. Labda mwajiuliza, katekista atafuta nini katika hesabu? Jibu langu ni hili: mimi mwenyewe nalikuwa mmoja wa waoga hao, na mwalimu mmoja aliniponya.

Nilipokuwa darasa la tano, kengele ya hesabu ikilia, tumbo liliniuma. Mwalimu tuliyekuwa naye aliandika ubaoni, akafuta, akaandika tena, na aliyekosa alisimamishwa mpaka mwisho wa somo. Basi tulijifunza jambo moja tu, yaani kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzetu.

Mwaka uliofuata akaja mwalimu mwingine. Siku ya kwanza hakushika chaki. Alitwaa fimbo yenye urefu wa mita 1, akatutoa nje mpaka penye mwembe wa shule, akasema, "Nani ataniambia urefu wa mti huu pasipo kuupanda?" Tukacheka, tukidhani afanya mzaha. Akaisimamisha fimbo juani, akatuambia tupime kivuli chake. Tukaona ni sentimita 80. Kisha tukapima kivuli cha mwembe, tukaona ni mita 12. Akasema, "Jua ni moja, laimulika fimbo na mti sawasawa. Je, kivuli cha fimbo chaingia mara ngapi katika kivuli cha mti?" Tukachutama, tukapiga hesabu mchangani kwa vijiti, tukapata mara 15. "Basi," akasema, "mti una mita 15, na hakuna aliyechana nguo yake."

Jioni ile nilipima minazi yote ya babu yangu, hata akaniuliza kama nataka kuiuza. Tazameni, ndugu zangu, hesabu ya kugawanya ilikuwa ileile iliyoniuma tumbo mwaka wa nyuma. Lakini sasa nalikuwa na swali ambalo mimi mwenyewe nalitaka jibu lake.

Sasa nitawapa habari ya kijana wa nchi yetu, ambayo imejulikana mbali. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, na kuyaacha yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa haba. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila kuyachemsha, naye Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu wakatazama. Ya Mpemba yalikuwa yamekwisha kuganda, ya mwenzake bado.

Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu yake, akajibiwa ya kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Hata alipokwenda kusoma Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu wa huko akasema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya watu wote. Tangu siku ile wenzake wakamtania kwa maneno hayo kila alipokosea.

Ndipo akaja shuleni mgeni, Dr. Denis Osborne, aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akamwuliza swali lilelile, na wanafunzi wakacheka. Mgeni hakucheka nao. Alitaka swali lirudiwe, kisha akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam. Naye akatimiza ahadi. Fundi wake alipojaribu, alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba atazidi kujaribu mpaka apate jibu la haki! Lakini walipojaribu tena, yakawa yaleyale. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la waalimu wa fizikia. Jambo hilo laitwa kwa jina la Mpemba hata leo, na wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu yake. Wako hata wanaoshuku kama latokea kweli.

Waalimu wenzangu, yule mgeni hakuwa na jibu mfukoni. Alimpa kijana masikio yake, akaenda kupima. Hilo hata mwalimu wa shule iliyo maskini kuliko zote aweza kulifanya.

Nasema hivi kwa haya, kwa kuwa mimi nalishindwa kulifanya. Nilipokuwa nikifundisha, binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kugawanya hupunguza, mbona 6 ikigawanywa kwa nusu huwa 12?" Sikujua la kumjibu, nikauficha ujinga wangu kwa ukali. Nikasema, "Fuata kanuni, acha ubishi." Darasa likacheka, naye akaketi. Mwaka ule wote hakuinua mkono tena. Baadaye sana, sokoni, nilimwona mwuza machungwa akikata kila chungwa vipande viwili, nikaelewa: machungwa 6 yana nusu 12. Jibu lilikuwa rahisi hivyo. Lakini binti alikuwa amekwisha kuondoka shuleni, wala sikupata kumwambia.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, msianze na kanuni. Anzeni na kitu ambacho mtoto aweza kukishika au kukipima, ndipo kanuni ifuate. Pili, msikubali darasa limcheke aulizaye, maana wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Tatu, usipojua, sema, "Sijui, tutafute pamoja." Heshima yako haitapungua.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani msimwambie kwamba hesabu ni ngumu na ya kuwa nanyi iliwashinda. Mpeni apime debe la mahindi, ahesabu chenji ya dukani, apime shamba kwa hatua. Na huyo binti, kama yupo kati yenu leo na watoto wake, namwomba radhi mbele yenu nyote. Swali lake lilikuwa jema.