Nywele Zinarudi: Mazungumzo Juu ya Matibabu ya Kansa

[Muziki wa kufungua unapanda, kisha unashuka polepole.]

MTANGAZAJI:

Habari za Base Camp, habari za Juru, habari za Rubondo. Wewe uliye kwenye foleni ya maji, wewe unayechambua maharage, na wewe uliyelala kwa sababu leo mwili umekataa, karibuni wote.

Leo sina mgeni hapa studio. Nitaongea mwenyewe, kwa sababu habari hii ni ya nyumbani kwetu. Ni habari ya mama mdogo wangu, ambaye baadhi yenu amewasuka nywele. Sitamtaja jina. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika karatasi hii, akaniambia: "Sema, lakini usinifanye shujaa. Sema tu vile ilivyokuwa." Basi nitasema vile ilivyokuwa.

Tulipokimbia Kivu ya Kaskazini hatukubeba vitu. Mama mdogo alikuja na ujuzi wa vidole vyake. Hapa Nakivale aliweka kiti kimoja na benchi moja chini ya mti, akaanza kusuka. Daftari zangu za sekondari zilitoka kwenye vichwa vya wanawake wa kijiji chetu. Kwa hiyo ninaposema nywele, kwetu nywele zilikuwa sabuni, chumvi na ada ya shule.

Mwaka juzi aliona uvimbe kwenye titi. Haukuuma, na kwa kuwa haukuuma, alikaa nao miezi kadhaa. Mama zangu na dada zangu, uvimbe usiouma usiusubiri uume. Nenda ukaonyeshe. Kituo cha afya kilimpa barua ya rufaa kwenda Mbarara. Huko wakakata kipande kidogo cha nyama, wakakipima, wakasema ni kansa, au saratani kama inavyoandikwa vitabuni. Akaandikiwa kemo, yaani dawa za kansa zinazopitishwa kwenye mshipa, kila baada ya wiki tatu. Moja ya dawa zake ilikuwa nyekundu kama juisi, na baada yake hata mkojo ulitoka mwekundu. Muuguzi alimweleza hayo mapema ili asishtuke. Alimweleza pia: "Mama, baada ya wiki mbili au tatu, nywele zitaanza kutoka." Mama mdogo akaitikia kwa kichwa. Alipofika nyumbani hakumwambia mtu.

Siku ya 17 aliamka akakuta nywele kwenye kanga aliyolalia. Akapitisha kitana, kitana kikajaa. Kabla ya jumapili kichwa kilikuwa na mabaka, hapa nywele, pale hakuna. Alikaa ndani siku tatu. Wateja walikuja wakaambiwa ameenda shamba.

Sasa niwaeleze kwa nini inakuwa hivyo, vile muuguzi alivyotueleza sisi.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ambazo macho hayazioni. Kansa ni chembe zilizoasi, zinazaliana haraka bila kusimama. Dawa ya kemo inawinda chembe zinazozaliana haraka. Lakini mwilini kuna chembe nzuri ambazo nazo huzaliana haraka: kwenye mashina ya nywele, ndani ya mdomo, kwenye utumbo, na kule damu inakotengenezwa. Ni kama mtu anayepalilia maharage usiku bila taa. Magugu yatakatwa, lakini na maharage kadhaa yatakatwa pia. Ndiyo maana mgonjwa wa kemo anaweza kutoka vidonda mdomoni, kutapika, kuchoka, na kupoteza nywele.

Si kila dawa ya kemo inaangusha nywele. Nyingine zinazipunguza tu, nyingine haziziharibu kabisa. Muulize muuguzi wako kuhusu dawa yako. Na jambo hili mlishike: nywele kuanguka si alama kwamba kansa inashinda. Si alama ya UKIMWI. Si uchawi. Haiambukizi kwa kusalimiana, kula pamoja, kulala kitanda kimoja, wala kwa kusukwa nywele na mgonjwa.

Narudi kwa mama mdogo. Siku ya nne alifunga kitambaa akatoka kuchota maji. Mimi nilikuwa naye, na jerikani langu. Pale bombani upepo ukapiga, kitambaa kikateleza. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti: "Unamwombolezea nani?"

Wengi wetu tunajua kwa nini aliuliza hivyo. Katika jamii nyingi za kwetu mwanamke aliyefiwa na mume hunyoa kichwa. Lakini baba mdogo yuko hai, asubuhi ile alikuwa nyumbani anatengeneza mlango. Mwingine akacheka, akasema kwamba labda ni ule ugonjwa. Mwingine akasema watu wanajaribiwa dawa huko mjini.

Na mimi? Mimi ninayeongea nanyi kila wiki, sikufungua mdomo. Niliangalia maji yakijaa kwenye jerikani. Tulirudi nyumbani bila kusema neno.

Wiki ile wateja wawili walipeleka vichwa vyao kwa msusi mwingine. Na siku ya sindano ya tatu ilipofika, gari lilikuja, mama mdogo hakupanda. Alisema: "Afadhali nife na nywele zangu." Hakuwa anatania.

Wasikilizaji, hapa ndipo penye hatari. Nywele zikianguka, zinarudi. Lakini sindano iliyorukwa inaipa kansa nafasi ya kupumua na kukua tena. Dawa zinapangwa kwa tarehe kwa sababu hiyo. Daktari akisema tusubiri damu ipande, hiyo ni hesabu yake na ni sawa. Lakini mgonjwa asijipangie mwenyewe kuacha, kwa sababu ya nywele au kwa sababu ya maneno ya bombani.

Aliyemrudisha ni VHT wa kijiji chetu. Alikuja jioni, akakaa kwenye lile benchi, hakuhubiri. Alimuuliza tu: "Kinachokuumiza zaidi ni nini?" Mama mdogo akalia, akasema: "Mimi ni msusi. Msusi asiye na nywele, nani atamwamini?" Walizungumza mpaka giza likaingia. Kuhusu yale ya kujaribiwa dawa, VHT alimwambia kwamba pale Mulago, Kampala, Taasisi ya Kansa ya Uganda inatibu watu tangu 1967, na wenyeji wanapewa kemo kama sisi, nao nywele zinawatoka kama sisi. Kesho yake alipiga simu hospitali. Mama mdogo alipewa tarehe mpya, akaenda. Alichelewa siku nane.

[Muziki mfupi.]

Sasa nitasema yale tuliyojifunza nyumbani kwetu, ili mwingine asijifunze kwa kuumia.

Kwanza, jiandae. Ukiambiwa dawa yako inaangusha nywele, fumua rasta na ukate nywele fupi mapema, kabla hazijaanza kutoka. Nywele fupi zikianguka, kishindo kinapungua. Waambie watoto wako mapema. Mtoto wa mama mdogo, wa miaka sita, alikuwa amelia kwa hofu usiku. Alipoelezwa, aliomba yeye ndiye achague kitambaa cha mama.

Pili, usinyolewe kwa wembe. Kemo hupunguza askari wa damu wanaopigana na vijidudu, kwa hiyo mkwaruzo mdogo unaweza kuleta maambukizi makubwa. Tumia mkasi, au mashine ya kinyozi iliyosafishwa vizuri, na mwambie asikwaruze ngozi.

Tatu, ngozi ya kichwa inaweza kuuma au kuwasha. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, usisugue. Ikauke kwa kitambaa laini. Paka mafuta ya kawaida yasiyo na manukato makali. Acha kwanza dawa ya kulainisha nywele, rangi, gundi, na kusuka kwa kukaza.

Nne, kichwa kisicho na nywele kinaungua juani na kinapata baridi usiku. Funga kitenge cha pamba, hakitelezi kama kile cha nailoni. Wanaume na watoto, kofia inatosha. Kope na nyusi nazo zinaweza kutoka, na wote tunajua vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi. Osha macho kwa maji safi, na kama una miwani, ivae. Na baba zangu, msidhani habari hii ni ya wanawake tu. Ndevu nazo huanguka, na mwanaume naye anajificha ndani akiona aibu.

Tano, usipake wala kunywa dawa za majani kwa ajili ya kuotesha nywele bila kumwambia daktari. Kuna majani yanayogombana na kemo au kuchosha ini.

Sita, na hili ni kubwa kuliko nywele. Hapa kambini kila homa tunaiita malaria, tunameza vidonge tunalala. Mgonjwa wa kemo akipata joto la 38 au zaidi, au akitetemeka, asisubiri asubuhi. Aende kituo cha afya saa ileile, na aseme kabla ya yote: "Niko kwenye kemo." Homa kwa mtu huyo inaweza kuua kwa muda mfupi.

Sasa naongea na sisi majirani. Mtu akitoka na kilemba, usimuulize anamlilia nani. Usivute kitambaa chake kwa mchezo. Usimwambie "ni nywele tu," kwa sababu wewe za kwako unazo. Mwambie pole. Muulize kama amekula. Siku ya sindano mchotee maji, mshikie mtoto, mpikie uji mwepesi, maana siku hizo harufu ya chakula humchukiza. Na ukimsikia mtu anacheka bombani, usifanye kama mimi nilivyofanya. Sema neno moja tu: "Huyu anatibiwa." Linatosha.

Mimi nilichelewa. Nilienda kumwomba msamaha mama mdogo baada ya sindano ya nne. Alikuwa anapasua kuni. Hakuinua kichwa, aliniambia: "Nilidhani unaniona aibu." Nikamwambia ukweli, kwamba siku ile, ndiyo, niliona aibu. Alinyamaza kidogo, kisha akanipa shoka, akasema nimalizie. Hivyo ndivyo alivyonisamehe.

Alimaliza kemo mwaka jana. Mwezi haukupita vizuri, tukaona kama manyoya ya kifaranga kichwani mwake. Miezi mitatu baadaye nywele zilikuwa zimefunika kichwa chote. Zimerudi laini kuliko za zamani, na zina mvi ambazo hazikuwepo. Kwa wengine zinarudi na mkunjo mwingine au rangi nyingine, halafu polepole zinafanana na zile za mwanzo. Alishauriwa akae miezi kadhaa bila kutumia dawa kali za nywele. Bado anaenda Mbarara kupimwa, na kila tarehe ikikaribia hatulali vizuri nyumbani. Siwaambii kwamba yote yamekwisha. Nawaambia kwamba yuko hapa, na tarehe hazijarukwa tena.

Kiti kimerudi chini ya mti. Juzi aliniita, akakaa yeye kwenye kiti, mimi nikasimama nyuma yake. Akasema: "Leo wewe ndiye msusi." Nywele zilikuwa fupi, zilinitoka vidoleni. Nilisuka mistari minne, imepinda kama barabara ya Juru. Akachukua kioo, akatazama, akasema nitabaki redioni, kusuka sitaweza.

Mgonjwa unayenisikia na kitambaa kichwani, usiikose tarehe yako. Na wewe unayemsikia pamoja naye, mfuate jirani yako leo.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, haya ndiyo maswali ya kuzungumza baada ya kipindi:

1. Mtu akionekana bila nywele hapa kijijini kwetu, tunasema nini juu yake? Maneno hayo yanamfanya nini?

2. Mgonjwa wa kemo akitaka kuacha sindano, nani anaweza kukaa naye na kumsikiliza?

3. Siku ya sindano, kikundi chetu kinaweza kuisaidia familia yake kwa kazi gani?

Leteni majibu yenu kwa VHT wa kijiji chenu au hapa studio, tutayasoma wiki ijayo. Mimi ni mtangazaji wenu. Mama mdogo anawasalimu, na anasema benchi lake lina nafasi. Kwaherini.

[Muziki wa kufunga.]