Kivuli cha Njiani na Miguu ya Mzee

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: kivuli, mwendo, benchi.

Leo tutazungumza habari ya miti ya barabarani. Watu wengi hudhani kwamba miti hiyo ni pambo la mji tu. Sivyo. Kwa mzee, mti ulio njiani huweza kuamua kama atatoka nyumbani au atashinda ndani.

Tuseme yuko bibi wa miaka 70, akaaye Dar es Salaam. Toka mlangoni pake mpaka sokoni ni mwendo wa dakika 15. Zamani njia hiyo ilikuwa na miarobaini na mikungu pande zote mbili. Kisha barabara ikapanuliwa, miti ikakatwa, wala mingine haikupandwa. Sasa ikifika saa nne ya asubuhi, lami inatoa joto kama kikaango. Leo bibi anamtuma mjukuu sokoni. Kesho anamtuma tena. Baada ya miezi michache bibi haendi popote. Majirani husema, "Bibi amezeeka sasa." Lakini si uzee peke yake. Bibi amenyang'anywa njia yake.

Kwa nini jua humwelemea mzee kuliko kijana? Mwili wa mzee hautoi jasho upesi kama zamani, tena kiu huchelewa kumwarifu. Mti humsaidia kwa njia mbili. Majani huzuia jua. Pia hutoa mvuke, na mvuke huo hupoza hewa, kama vile mtungi utokao jasho unavyopoza maji.

Na mwendo una faida gani? Misuli isiyotumiwa hupungua. Mzee asiyetembea huishiwa nguvu za miguu. Huyumba, huanguka, na mfupa huweza kuvunjika. Kutembea husaidia pia moyo, na husaidia kuzuia presha na kisukari. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kadiri, kama kutembea kwa hatua za haraka kidogo, dakika 150 hadi 300 kila wiki. Tufanye hesabu. Dakika 150 ukizigawa kwa siku 5, unapata 30 kwa siku. Bibi yetu alikwenda sokoni dakika 15, akarudi dakika 15. Jumla 30. Kumbe njia ya sokoni peke yake iliweza kumpa fungu lake! Asiyeweza dakika 30 atembee kadiri ya nguvu zake. Kidogo ni bora kuliko kukaa tu.

Huko Tokyo, nchini Japani, wataalamu waliwafuatia kwa miaka 5 wazee 3,144, waliozaliwa kati ya mwaka 1903 na 1918. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Wazee waliokuwa na mahali pa kutembea karibu na nyumbani, pamoja na bustani na barabara zenye miti, walielekea zaidi kuwa hai miaka hiyo ilipokwisha. Wataalamu walipima pia umri na hali ya maisha ya kila mmoja, na bado tofauti ilionekana. Hii haina maana kwamba mti ni dawa ya kuongeza miaka. Lakini inatuonya tusiidharau njia inayopita mbele ya nyumba ya mzee.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tupande miti mahali wazee wapitapo: njia ya sokoni, ya zahanati, ya msikitini na ya kanisani. Tuulize kwanza katika ofisi ya mtaa, tusije tukapanda juu ya bomba la maji au chini ya nyaya za umeme.

Pili, tuchague mti wenye kivuli. Mwarobaini hustahimili ukame. Mti mwembamba uliochongoka kama mkuki hupendeza macho, lakini kivuli chake ni haba. Mwembe una kivuli kizuri, ila embe zilizooza humtelezesha mzee, lazima pafagiliwe.

Tatu, mche uzungushiwe uzio kwa sababu ya mbuzi, na umwagiliwe maji wakati wa kiangazi. Mche usiotunzwa ni kuni tu.

Nne, tuweke benchi chini ya mti. Mzee akijua atapumzika wapi, haogopi safari.

Mche wa leo hautoi kivuli leo. Wewe mwenye miaka 40 utakayeupanda, huenda ndiwe utakayekaa chini yake ukiwa na mkongojo. Na kabla ya hapo, yuko mzazi wako anayengoja ndani.

Kazi ya darasa:

1. Mtaani kwenu, ni njia gani ambayo wazee wameacha kuipita? Kwa sababu gani?
2. Mzee akitembea dakika 20 kwa siku, siku 6 kwa wiki, zimebaki dakika ngapi kutimiza 150?
3. Andikeni barua fupi kwa mwenyekiti wa mtaa, mkiomba ruhusa ya kupanda miti.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.