Walinzi Wawili, Ghala Moja



Iliamuliwa mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yetu yawe Dodoma. Mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi, na leo wizara zina majengo yake katika Mji wa Serikali, Mtumba. Lakini hawakuhama watu na makabati ya mafaili peke yake. Kumbukumbu nyingi za umma sasa zimo ndani ya mitambo ya kompyuta, na malipo ya Serikali hufanywa kwa namba inayotolewa na mitambo hiyo. Ikizimika, foleni husimama, hata kama mwenye foleni ni mgonjwa.

Kwa sababu hiyo, wataalamu huweka seva mbili badala ya moja. Seva hizo hupelekeana ishara kila mara, kama walinzi wa lindo moja wanaoitana usiku. Moja ikinyamaza, ya pili hushika kazi. Ili iendelee pale ilipoachia mwenzake, hapana budi ione kumbukumbu zile zile. Kwa hiyo zote mbili huunganishwa kwa mtandao na ghala moja la diski.

Hapo ndipo penye mtego. Mkulima wa Kongwa au Bahi ataelewa upesi: kuwa na walinzi wawili hakufai kitu ikiwa kihenge ni kimoja na kimeungua. Ofisi inayonunua seva mbili, kisha ikategemea ghala moja, waya mmoja na umeme wa njia moja, imenunua mapambo.

Tena, viwili vinavyopita mahali pamoja ni kama kimoja. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani.

Iko hatari nyingine. Waya wa ishara ukikatika huku seva zote mbili zikiwa hai, kila moja hudhani mwenzake amekufa. Zote hufungua ghala na kuandika kwa pamoja, na kumbukumbu huharibika. Dawa yake ni shahidi wa tatu. Seva inayopata kura mbili kati ya tatu huendelea. Ile nyingine hunyang'anywa ufunguo wa ghala.

Basi yafaa ghala nalo liwe na pacha wake, katika jengo jingine, kwa njia nyingine ya waya na ya umeme. Hata hivyo pacha si akiba. Karani akifuta jambo kwa bahati mbaya, pacha naye hulifuta papo hapo. Nakala ya akiba iwekwe mbali, peke yake.

Mwisho, mitambo ijaribiwe. Izimwe seva moja makusudi, kwa saa iliyopangwa, ionekane kama kazi inaendelea. Mkulima hangoji njaa ndipo achungulie kama kihenge kinavuja. Kabla ya kutia saini ya kupokea mtambo, kila mkuu wa ofisi na amwulize fundi wake swali moja: tukizima hiki hapa, nini kitasimama? Kama jibu ni "vyote", asitie saini.