Gari Linapokataa Kubadili Gia: Tupime Kabla ya Kufungua

Hotuba ya fundi wa karakana ya Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata



Nimeombwa nizungumze juu ya tatizo linalowasumbua wengi: magari ya otomatiki yanayochelewa kuingiza gia, yanayoshtuka yanapobadili gia, au yanayonguruma bila kusonga. Kabla sijaeleza lolote la ufundi, naona ni haki niungame kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa fundi kijana katika gereji ya mtaani, mzee mmoja alituletea gari dogo alilokuwa akilitumia kubebea abiria. Gari liliondoka kwa uzito, halikubadili gia, na taa ya gia ilikuwa ikiwaka na kuzimika kwenye dashibodi. Niliendesha mara moja tu nikatamka: "Mzee, giaboksi imekufa." Mzee akauza ng'ombe wawili wa maziwa, akanunua giaboksi ya mtumba. Tukaifunga, tukawasha gari, hali ikawa ile ile. Fundi mkuu wa gereji aliporejea safarini, alizifuata nyaya moja baada ya nyingine, akakuta waya mmoja uendao kwenye giaboksi umetafunwa na panya. Waya uliungwa kabla ya adhuhuri. Ng'ombe hawakurudi.

Tangu siku hiyo nimejiwekea kanuni: giaboksi haifunguliwi mpaka sababu zote za nje zimepimwa. Leo naomba nanyi muijue kanuni hiyo, kwa maana mwenye gari ndiye shahidi wa kwanza.

Katika gari la otomatiki, dereva hakanyagi klachi. Kazi hiyo hufanywa na oili maalumu ya giaboksi, ambayo wengi wetu huiita haidroliki. Oili hiyo huipokea nguvu ya injini na kuifikisha kwenye gia, husukuma klachi za ndani zishikane, tena hulainisha na kupoza vyuma. Kompyuta ya gari nayo husoma mwendo na jinsi dereva anavyokanyaga mafuta, kisha huamuru vali ndogo za umeme, ziitwazo solenoidi, zifungue au zifunge njia za oili. Basi gia ikikataa, mshtakiwa anaweza kuwa oili, umeme, au vyuma vyenyewe. Vyuma ndivyo vyenye gharama kubwa. Kwa hiyo viwe vya mwisho kushtakiwa.

Tuanze na oili. Kwa magari mengi yenye kijiti cha kupimia, liweke gari mahali tambarare likiwa limekwisha kupata moto, injini ikiunguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia katika nafasi zote, urudishe kwenye P, ndipo uchomoe kijiti. Yapo magari ambayo huzimwa kwanza, na yapo yasiyo na kijiti kabisa. Kitabu cha gari ndicho kitakachokuongoza. Oili nyingi za aina hii huwa nyekundu na angavu zikiwa mpya. Ikiwa kahawia iliyoiva na inanuka kuungua, klachi za ndani huenda zimeanza kulika. Ikiwa na rangi kama maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta. Gari hilo lisiendeshwe tena. Ikiwa pungufu, tambueni kwamba oili hii haiungui kama ya injini: kupungua maana yake ni kuvuja. Itafutwe inapovujia, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Wala isijazwe kupita alama, maana ikizidi hutoa povu, na povu haliwezi kusukuma klachi.

Pili, ushahidi wa dereva. Tazama mshale wa mizunguko ya injini. Ukikanyaga mafuta, mshale ukapanda lakini mwendo usiongezeke, giaboksi inateleza. Ikiwa mshale wenyewe haupandi na gari halina nguvu, huenda ugonjwa uko kwenye injini, au kompyuta imeifunga giaboksi katika gia moja ili isiharibike zaidi. Angalia pia kama linateleza katika gia moja tu au katika zote pamoja na ya kurudi nyuma. Likiteleza katika zote, tunashuku upungufu wa oili, chujio lililoziba au pampu. Likiteleza katika moja, tunashuku klachi au solenoidi ya gia hiyo. Gari linalokwenda vizuri asubuhi likaanza kuteleza likipata moto, mara nyingi mipira yake ya ndani imechoka na inapitisha oili. Na ule mshindo unaosikika unapoingiza D wakati mwingine hutokana na mpira wa kushikilia injini uliokatika. Yaandikeni mambo haya: lini, katika gia ipi, baridi au moto.

Tatu, kipimo cha kompyuta. Namba P0700 husema tu kwamba mfumo wa giaboksi una hitilafu. Haisemi kipi kimeharibika. Zisomwe na namba nyingine zilizoandamana nayo. Hata namba ikitaja solenoidi, fundi apime kwanza waya, plagi na betri, maana umeme dhaifu huweza kuleta dalili zizo hizo.

Naongeza tahadhari mbili. Oili ziko za aina nyingi, na ile ya giaboksi ya mkanda, yaani CVT, si sawa na ya giaboksi ya kawaida. Kuzikosea ni kuiua giaboksi nzima. Aidha, gari la otomatiki lililoharibika lisivutwe kwa kamba huku magurudumu yanayoliendesha yakizunguka barabarani. Injini ikiwa imezimwa, pampu haisukumi oili, na vyuma husagana vikiwa vikavu. Liinuliwe, au lipakiwe juu ya gari jingine.

Ndugu zangu, magari haya ndiyo yanayowafikisha akina mama kituo cha afya usiku wa manane na mazao yetu sokoni. Mengi ya hayo yamenunuliwa kwa jasho la miaka. Siwaombi muwadharau mafundi wetu wa mitaani, kwani nami nimetoka huko. Naomba tu kwamba fundi atakapowaambia giaboksi imekufa, kabla hamjauza chochote, mumuulize kwa heshima: "Fundi, umepima nini hata ukajua?"

Fundi aliyepima atawaonyesha kijiti, namba na waya. Mimi siku ile ningeulizwa hivyo, nisingekuwa na jibu, na mzee yule angebaki na ng'ombe wake.