Maji Yasiyo na Njia ya Kutoka

Nimeombwa niseme maneno machache juu ya maji machafu. Najua wako watakaocheka, wakisema, "Karani ameacha vitabu vyake, amekuja kutufundisha kumwaga maji ya vyombo." Na wacheke, lakini wanisikilize.

Mwaka 1973 redio ilitangaza mafundisho ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi kuyasikiliza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark, mabomba ya maji ya mserereko yalijengwa katika vijiji vingi vya Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kazi zote mbili zilikuwa njema. Ila maji yalifanyiwa njia ya kuingia kijijini, wala hayakufanyiwa njia ya kutoka. Mama aliyebeba ndoo moja kichwani kutoka bondeni hakuwa na maji mengi ya kumwaga. Mwenye bomba mlangoni humwaga kutwa.

Na huku milimani maji hayalali mahali pamoja. Yamwagwayo vilimani Iringa hushukia Ruaha Mdogo, na watu wa Pawaga huyaingiza katika mashamba yao ya mpunga. Yamwagwayo miteremkoni mwa Rungwe huchukuliwa na mto Kiwira mpaka Kyela na Ziwa Nyasa. Kila mtu wa kilimani anaye jirani chini yake.

Iko shule moja, jina lake silitaji, maana nyote mnaijua. Jiko lake na vyoo vyake viko juu ya chemchemi. Mvua zilipoanza, watoto wa kitongoji cha chini wakaanza kuhara, mmoja akafa, na watu wakanong'onezana habari za uchawi. Mwalimu mmoja akashuka kutazama chemchemi, akakuta maganda ya maharage yakielea: maharage yale yale waliyokula wanafunzi jana yake. Hapakuhitajiwa mganga kutambua mchawi.

Basi, ziko njia za kuyatengeneza maji hayo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameichunguza mojawapo kwa miaka mingi, na hapa Iringa ilijengwa katika Shule ya Sekondari ya Ruaha na katika Chuo cha Ualimu cha Kleruu. Kwanza hujengwa shimo lisilovuja, maji yakatulia humo, taka zikazama na mafuta yakaelea. Kisha maji huingia katika kitanda kirefu kilichochimbwa chini, kina chake kama sentimeta 60, kilichozibwa kwa udongo wa mfinyanzi au plastiki, kikajazwa kokoto na kupandwa matete. Maji hupita kati ya kokoto, hayaonekani juu; kwa hiyo mbu hawapati pa kuzalia. Vijidudu visivyoonekana, vikaavyo katika kokoto na mizizi, huila taka ile siku kwa siku. Maji yatokayo mwisho si ya kunywa, wala si ya kumwagilia mboga ziliwazo mbichi, bali migomba huyapenda.

Mteremko wetu, ambao mara nyingi twaulaani tukiwa na mizigo, hapa ni msaada, maana hapahitajiwi mashine ya kusukuma maji. Lakini baridi ni kinyume chetu. Mwezi wa Julai vijidudu vile, kama makarani, hufanya kazi polepole. Hivyo kitanda cha milimani hakina budi kuwa kikubwa kuliko cha pwani. Tena shimo la kwanza lisipozolewa tope lake kwa wakati, kokoto huziba, na kazi yote huharibika. Mwenye nyumba moja asijisumbue na hayo yote: kwa maji ya jikoni shimo lililojazwa mawe, na migomba kandokando, litamtosha, mradi liwe mbali na chemchemi. Na choo cha shimo kisikaribie maji kwa mita 30.

Narudi kwa shule ile. Kokoto zimekwisha kukusanywa na wanafunzi, na matete yako tele bondeni. Kilichobaki ni mahali. Panapofaa ni chini ya jiko, katika pembe ya shamba la ukoo mmoja uliomo humu, hatua 20 kwa 10, pamelimwa viazi. Wazee, nimekuja kuwaombeni pembe hiyo, kabla ya mvua za Novemba.