Yogati Nzito na Tango: Moto ni wa Maziwa

Leo tunaingia jikoni. Mama, kama una sufuria karibu, ivute. Na wewe baba usiondoke, kwa sababu mazungumzo haya yanaanzia kwenye zizi la ng'ombe kabla hayajafika mezani.

Kuna kitoweo cha baridi ambacho Wagiriki hukiita tzatziki. Waturuki wana cha kwao kinachofanana nacho, na Wahindi wana raita, ambayo wengine wenu mmeiona kwenye meza za Wahindi Nairobi au Nyeri mjini. Ni yogati iliyochujwa ikawa nzito, ikachanganywa na tango lililoparuzwa, kitunguu saumu, chumvi, ndimu na mafuta kidogo ya zeituni. Unachovya mkate au kiazi, au unakiweka kando ya nyama choma. Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba isipokuwa mafuta ya zeituni, vyote vinapatikana sokoni Kiriaini, na maziwa wengi wetu tunayakamua wenyewe asubuhi.

Lakini angalia jambo moja. Katika chakula hiki hakuna kinachopikwa. Tango ni bichi, kitunguu saumu ni kibichi, yogati ni baridi. Githeri hukaa jikoni saa kadhaa, na moto huo huua vijidudu hata kama mikono ya mpishi haikuwa safi sana. Hapa moto ni mmoja tu, nao ni ule unaoyachemsha maziwa kabla ya kuyagandisha. Ukiuruka, hakuna mwingine utakaokuja baadaye kukuokoa.

Nasema hivi kwa sababu bado wako watu, tena wenye ng'ombe wazuri, wanaoamini kwamba maziwa yakishalala hayana haja ya kuchemshwa, kwamba uchachu wenyewe unaua kila kitu. Wengine husema maziwa yaliyochemshwa hupoteza nguvu. Ni kweli kwamba uchachu huzuia vijidudu vingi kuzaana. Lakini ugonjwa wa bruselosi, ambao wengi tunauita brusela, una vijidudu vinavyoweza kuishi ndani ya maziwa lala na jibini laini kwa siku kadhaa, hata zaidi. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyohiyo ya maziwa mabichi.

Historia ya ugonjwa huu inatoka bahari ileile wanakoishi Wagiriki. Zamani uliitwa homa ya Malta, kwa jina la kisiwa ambako askari wa Uingereza waliugua kwa wingi. Mwaka 1887 daktari wa jeshi aitwaye David Bruce alitangaza kwamba amekipata kijidudu chake katika wengu za askari waliokufa. (Ndiye Bruce aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale.) Kijidudu kilijulikana, lakini kilikotoka hakikujulikana. Ilipita miaka 18. Mwaka 1905 daktari mzaliwa wa Malta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi wa kisiwa hicho na kukuta kwamba wengi wameambukizwa. Mbuzi hao walikuwa wazima kwa macho: walikula, walitembea, walitoa maziwa. Mwaka 1906 maziwa hayo yaliondolewa kwenye chakula cha askari, na wagonjwa wakapungua mara moja.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Ng'ombe wangu ni mzima, namjua," mwambie hata mbuzi wa Malta walionekana wazima. Dalili kubwa kwa ng'ombe ni kutupa mimba na kondo la nyuma kukwama. Ukiona hivyo, mwite daktari wa mifugo, na usiguse ndama aliyetoka wala kondo hilo kwa mikono mitupu.

Haya, twende jikoni. Chukua lita moja ya maziwa. Yachemshe mpaka yapande, punguza moto, uyaache yatokote dakika chache huku ukikoroga yasiungue chini. Epua, funika, yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu, kama nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Asiye na kipimajoto adondoshe tone kwenye kifundo cha mkono, lisikike la joto bila kuchoma. Nimeona watu wakitumbukiza kidole ndani ya sufuria. Usifanye hivyo, utakuwa umerudisha vijidudu ulivyotoka kuvifukuza.

Sasa tia vijiko vitatu vya yogati ya dukani isiyo na sukari wala rangi. Hiyo ndiyo mbegu. Ndani yake mna bakteria wema wanaokula sukari ya maziwa na kutoa uchachu unaoyagandisha. Koroga taratibu, mimina kwenye themosi iliyosuuzwa kwa maji moto, au acha kwenye sufuria yenye kifuniko na uizungushie blanketi. Wakati wa joto saa sita hadi nane zinatosha. Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka Nyandarua, weka sufuria ndani ya kikapu cha kuhifadhi joto, kwa maana bakteria hawa wakipata baridi hawafanyi kazi.

Kama yogati ya dukani ni ghali kwako, tumia maziwa lala ya pakiti kama mbegu. Hayo hayahitaji joto jingi. Maziwa yako yaliyochemshwa yaache yapoe kabisa, changanya, funika, uyaache mpaka kesho. Ladha itakuwa tofauti kidogo, lakini mimi sioni ubaya wake.

Inatokea wakati mwingine maziwa yakakataa kuganda. Watu husema mbegu imekufa. Pengine ni kweli, lakini jiulize pia kama ng'ombe alidungwa sindano ya ugonjwa wa kiwele siku hizo. Dawa za antibiotiki hutoka kwenye maziwa na kuwaua hao bakteria wema. Kuchemsha hakuziondoi. Kila dawa ina siku zake za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa, na maziwa ya siku hizo hayafai kunywewa wala kuuzwa. Jirani anayenunua kwako hana namna ya kujua. Ni wewe unayejua.

Yogati ikiiva, ichuje. Chukua kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa, kitandike juu ya kichujio, mimina, funika inzi wasiingie, uache mahali pa baridi saa tatu au nne. Lita moja itakupa karibu nusu yake ya yogati nzito. Maji yanayodondoka chini usiyamwage, yana madini na uchachu mzuri, yatie kwenye uji.

Tukija kwenye tango. Matango mengi tunayokula yamenyunyiziwa maji ya mto, na mto huo unapita chini ya vyoo na mazizi ya watu. Homa ya matumbo na kuhara huja kwa njia hiyo. Lisugue tango kwa mkono chini ya maji safi yanayotiririka, yaani maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, kabla ya kulimenya. Ukimenya tango chafu, kisu hubeba uchafu wa nje na kuupeleka ndani. Nawa mikono kwa sabuni. Usitumie ubao uliokatia nyama mbichi.

Liparuze kwa kifaa cha kuparuzia karoti, litie chumvi nusu kijiko cha chai, liache dakika kumi na tano, kisha likamue kwa mkono safi. Usipolikamua, maji yake yatairudisha yogati yako kuwa nyepesi na kazi yote ya kuchuja itakuwa ya bure. Changanya na yogati, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, kijiko cha maji ya ndimu, na mnanaa au dania iliyooshwa hivyohivyo. Mafuta ya zeituni yakikosekana, kijiko cha mafuta ya alizeti kinatosha, au acha kabisa. Mimi hukipenda na viazi vya kuchemsha kuliko chapati, kwa sababu chapati tayari ina mafuta yake.

Faida yake? Protini na kalisi kwa bei ndogo, bila sukari ile inayotiwa kwenye yogati za vikombe vya rangi. Wengi ambao maziwa matamu huwavuruga tumbo huyaweza yaliyogandishwa, kwa kuwa sehemu ya sukari ya maziwa imekwisha kuliwa na bakteria. Mwenye presha ya damu akishalikamua tango alisuuze kwa maji safi ili chumvi ipungue. Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi, yeye ni maziwa ya mama tu.

Na aliyekwisha kunywa maziwa mabichi? Asiogope, lakini awe macho. Bruselosi huja polepole: homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, uchovu usioisha. Kwa wanaume korodani zinaweza kuvimba, na mama mjamzito anaweza kupoteza mimba. Wengi hutibiwa malaria au homa ya matumbo mara mbili tatu kabla ya mtu kufikiria maziwa. Kwa hiyo ukifika hospitali mwambie daktari wazi, "Mimi nafuga ng'ombe," au, "Nimekunywa maziwa mabichi." Kipimo cha haraka cha tone la damu hukosea mara nyingi, kikasema ugonjwa upo na kumbe haupo. Ulizia kama kuna kipimo cha kuthibitisha. Ukithibitishwa, dawa ni za aina mbili kwa pamoja, na huchukua wiki sita au zaidi. Watu wengi huziacha wiki ya pili wakijisikia nafuu, na homa hurudi.

Kitoweo chetu kiliwe siku hiyohiyo kama huna friji. Mwenye friji anaweza kukiweka siku mbili. Na kabla hujatia tango na chumvi, chota vijiko vitatu vya yogati tupu, viweke kwenye chupa safi ya kioo yenye mdomo mpana unaoweza kusuguliwa ndani, si ile ya plastiki yenye shingo nyembamba. Chupa hiyo ikae mahali pa baridi, iwe mbegu ya sufuria ijayo, isizidi siku chache. Ukiona imebadilika rangi au harufu, itupe ununue nyingine. Wiki ijayo tutazungumza juu ya maji ya kunywa na mapipa ya kukingia mvua. Kwaherini.