Kurudi Toyota Mara Mbili: Juha Kankkunen na Kazi ya Kuzoea Upya

Swali langu la leo ni fupi. Dereva wa mbio za magari akiihama timu, kisha akairudia, ni nini kinachomfanya afaulu au ashindwe?

Mashabiki wana jibu tayari: moyo. Akishinda wanasema alirudi na njaa, akishindwa wanasema ameshiba. Jibu hilo sikubaliani nalo, kwa sababu linamtwika mtu mmoja mzigo wa watu wengi. Ushahidi wangu ni Juha Kankkunen, mzaliwa wa Laukaa, Finland. Aliirudia Toyota mara mbili akiwa dereva, mwaka 1988 na mwaka 1993. Mtu ni yuleyule, kampuni ni ileile, na aliyeiongoza timu ni yuleyule, Ove Andersson, ambaye naye aliwahi kushinda Safari Rally mwaka 1975 akiendesha Peugeot 504. Matokeo yalikuwa mbingu na ardhi. Ni nadra sana mtafiti kupata bahati ya namna hii.

Kisa kinaanzia hapa kwetu, Nairobi, Pasaka ya 1985. Wenzangu wa rika langu watakumbuka Safari ya zama zile: maelfu ya kilomita kwenye barabara ambazo hazikufungwa, matatu zikija upande wa pili, ng'ombe wakivuka, vumbi leo na matope kesho. Kankkunen alikuwa ametimiza miaka 26 siku chache tu kabla, na hakuwa amewahi kushiriki Safari. Alishinda. Wa pili alikuwa Björn Waldegård, mwenzake katika timu na bingwa wa Safari ya mwaka uliotangulia. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kankkunen katika mashindano ya dunia, na mwaka haukuisha kabla ya kushinda tena kwa gari lilelile nchini Ivory Coast.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Celica Twincam Turbo, na hapa naomba tutulie kidogo. Lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Turbo za miaka ile zilichelewa: unakanyaga mafuta, unasubiri, kisha nguvu inakuja yote kwa mkupuo. Dereva alilazimika kukanyaga kabla kona haijafunguka, akiamini kwamba nguvu itamkuta pale atakapoihitaji. Mkia ukichomoka, anaukamata kwa usukani. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne halikubali mchezo huo. Ukiliingiza konani kwa mtindo ule, pua inakwenda moja kwa moja mpaka mtaroni. Lenyewe linataka mguu wa kulia ubaki kwenye mafuta huku wa kushoto ukigusa breki, ili uzito uhamie mbele na tairi za mbele zing'ate ardhi. Miguu ni ileile miwili, ila kazi ya kila mmoja imebadilika, na dereva hana nafasi ya kuifikiria akiwa kwenye mwendo ule. Lazima mwili ujue wenyewe.

Kankkunen aliujua mtindo huo mpya mbali na Toyota. Mwaka 1986 aliichukua dunia na Peugeot. Magari ya daraja lake, Kundi B, yalipopigwa marufuku Peugeot ikajiondoa, naye akaenda Lancia, akaichukua dunia tena mwaka 1987. Hakuna dereva aliyekuwa amewahi kulitetea taji hilo akafanikiwa kabla yake. Huyo ndiye aliyerudi Toyota mwaka 1988.

Msimu wa 1988 hakushinda hata raundi moja ya ubingwa wa dunia. Ushindi ulikuja mwaka 1989 nchini Australia, mmoja tu, kisha akaondoka tena.

Je, moyo ulikuwa umepoa? Tazameni Januari ya mwaka huohuo wa 1988. Mashindano ya Dakar yalipofika Bamako, gari la Ari Vatanen, aliyekuwa akiongoza, liliibwa, na Vatanen akatolewa mashindanoni. Aliyeingia Dakar akiwa mshindi ni Kankkunen, ndani ya Peugeot 205. Mtu aliyevuka Sahara kwa majuma kadhaa na kushinda hawezi kusemwa amekosa hamu ya kazi miezi michache baadaye. Kilichokosekana kilikuwa gari. Celica GT-Four, gari la kwanza la Toyota la mbio za rali lenye kusukuma magurudumu manne, liliingia mashindanoni kwa mara ya kwanza kisiwani Corsica mwaka huohuo. Lilikuwa changa. Kankkunen alishajifunza kuendesha gari la aina hiyo, ila timu ilikuwa bado inajifunza kulitengeneza. Dereva alikuwa ametangulia, timu ikawa nyuma yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayerudi hapewi hata hizo siku mbili. Anakabidhiwa jembe mlangoni, kwa kuwa kila mtu anadhani shamba analijua. Dereva mgeni huuliza bila haya: klachi hii inashika wapi, fundi huyu anapenda kuelezwa vipi, kwa nini breki mmezipanga hivi? Anayerudi huona aibu kuuliza. Nembo ukutani anaijua, baadhi ya nyuso anazijua, na mwili, ukitambua mahali, unamletea mazoea ya zamani kabla hajayaita. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote, na moyo mkubwa huizidisha, kwa sababu mwenye hamu kubwa ndiye mwenye haraka.

Baada ya kuondoka Toyota mara ya pili, Kankkunen alikuwa na miaka mitatu mingine Lancia, na kule nako alikuwa anarudi. Mwaka wa kwanza, 1990, alishinda mara moja. Mwaka wa pili alishinda mara tano, Safari ikiwamo, akatwaa taji la tatu. Wanafunzi wangu wa saikolojia ya kazi nawaomba wautazame mwaka ule wa kwanza. Kuzoea upya kunahitaji muda hata kwa bingwa.

Kisha ukaja mwaka 1993. Carlos Sainz alikuwa ameipa Toyota mataji mawili ya madereva, 1990 na 1992, na jasho lake lilikuwa limelikomaza gari. Sainz akahama, Kankkunen akaingia. Aprili, katika Safari, Toyota zilichukua nafasi zote nne za kwanza: Kankkunen, Markku Alén, Ian Duncan wa Kenya, na Yasuhiro Iwase. Baada ya hapo Juha Piironen, mwelekezi wake wa miaka mingi, aliugua ghafla, na kiti chake kikachukuliwa na Nicky Grist wa Wales. Dereva wa rali huendesha kwa masikio. Sauti ya mwelekezi ndiyo macho yake ng'ambo ya kilima. Kubadilisha sauti hiyo katikati ya msimu ni kama kubadilisha macho. Hata hivyo alimaliza mwaka na ushindi mara tano na taji la nne, ambalo hakuna aliyekuwa amelifikia. Toyota nayo ikawa kampuni ya kwanza ya Japani kutwaa ubingwa wa watengenezaji.

Jambo hili si la rali peke yake. Katika mbio za langalanga, Kimi Räikkönen, naye wa Finland, aliondoka Ferrari mwisho wa 2009 akiwa bingwa wake wa 2007, akarudi mwaka 2014. Alipenda gari ambalo pua yake inatii usukani papo hapo, na gari la mwaka ule halikumpa pua hiyo. Alipata pointi 55, mwenzake Fernando Alonso 161. Watu wakasema amechoka. Lakini Oktoba 2018, akiwa ameshajua kwamba msimu ujao hana kiti Ferrari, alishinda Austin, Marekani. Mtu aliyechoka hafanyi hivyo.

Ninachokisema basi ni kwamba anayerudi na timu inayompokea wote wamebadilika, na swali la kwanza kuuliza si kama ana moyo, bali kama wamekutana mahali pamoja. Hilo dereva peke yake hawezi kulijibu. Wanaolijua ni mafundi waliobadilisha springi na gia usiku, wakasikia dereva akilalamika, wakaona alipoacha kulalamika. Maneno ya madereva tumeyasikia kwa miaka mingi. Safari ilihudumiwa pia na mikono ya mafundi wa hapa nchini, na wale wa miaka ya themanini sasa ni wazee. Nawaomba vijana wa idara yangu: chukueni vinasa sauti, nendeni kwenye gereji zao, mkae nao, mwandike, na mwanze mwaka huu.